Mapipa Sita ya Ghalani

Majengo, Songea
3 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo wote huko Nalasi? Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenishika kooni. Kwa kuwa simu huisikii tena, barua hii nampa Abdulatifu, kondakta wa basi.

Nimepata kazi ya kusafisha ghala la zamani la viuatilifu, nje ya mji. Sumu imevuja mpaka sakafu imebadilika rangi. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi. Unasimama kwenye karai wanakusugua gambuti, unavua ovaroli, glavu za ndani zinatoka mwisho, ndipo unaenda kuoga. Nguo za kazi haziendi nyumbani. Jana mwenzetu Saimon alitaka kula andazi kabla ya kunawa. Msimamizi wetu, dada Walburga, akampokonya. "Unaibeba wewe," akamwambia, "anaugua mwanao."

Nikakukumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka ghala la ushirika, sisi tunakurukia, shati limejaa vumbi la dawa. Baba, yale mapipa ya bluu ya uani yalitoka huko? Kama ndiyo, msitumie maji yake.

Mwanao,
Zulfa

Nalasi
12 Julai 2024

Mwanangu Zulfa,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako miguu inamsumbua asubuhi tu. Kunywa tangawizi.

Nimefurahi umepata kazi. Lakini hilo la mapipa limeniudhi. Ndiyo, nilipewa mapipa hayo ghala lilipofungwa. Niliyasugua kwa mchanga na sabuni mara saba. Tumeyanywea miaka kumi na miwili, na mimi huyu hapa nalima. Usirudi nyumbani na usomi wa kututisha.

Baba yako,
Daimu

Songea
18 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kama nilikukosea adabu. Mama hajambo?

Nilimuuliza dada Walburga. Anasema plastiki inainywa dawa, kisha inaitoa kidogo kidogo ndani ya maji, na hakuna sabuni ya kuifikia. Kuugua si lazima kuje leo. Nakuomba, yawekeni mbali na kisima, msiyachome moto. Mangapi yapo, na mengine yako kwa nani? Jibu upesi.

Mwanao,
Zulfa

Songea
10 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu sasa. Abdulatifu anaapa barua alikupa mkononi. Kama umekasirika, andika hata kwamba umekasirika.

Zulfa wako

Nalasi
22 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia.

Mapipa yalikuwa sita. Mawili yetu. Matatu niliwagawia majirani, kwa mapenzi tu. La sita nililipeleka msikitini, watu watilie udhu. Hilo ndilo lililonifunga mkono nisikuandikie. Ningesemaje?

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilisimama nikawaeleza yote. Nassoro, wa nyumba ya pili, ndiye aliyeuliza.

"Ulijua ulipotugawia?"

"Sikujua."

"Na binti yako alipokwambia, ulikaa siku ngapi?"

Nikamjibu kweli. "Arobaini."

Akavaa viatu akaondoka. Mjukuu wake ameoga maji ya pipa lile tangu azaliwe. Siku ile ile wengine walileta mapipa yao, na la msikitini tukalitoa. Lake tu halikuja. Nilikwenda kwake mara mbili, hakunifungulia.

Jana asubuhi alilileta mwenyewe, amelibeba begani, ameshaligeuza likakauka. Hakunisalimu. Alilitua pamoja na mengine akasema, "Mwambie Zulfa na hili." Kisha akarudi kwake.

Yote sita yako nyuma ya nyumba, mbali na kisima. Muombe msimamizi wenu gari la kuyabeba, nawe uje nalo, uwapime watu kwa macho yako na kuwaambia waende hospitali gani. Mimi sikushika jembe wiki hii. Natoka na kiti changu asubuhi, nakaa hapo kutwa, watoto wasiyasogelee.

Baba yako,
Daimu