Siku Uliponiambia Kwamba Hupo

Mume wangu Baba Kemi,

Tangu tukuzike hapa Kiruruma, kila nikipewa pole naukumbuka mwaka ule mnyauko ulipotumalizia migomba. Tulikata shamba zima. Ukalala umeugeukia ukuta, unasema, "Mimi nimekwisha."

Kisha ukasikiliza kwenye simu mahubiri ya mtawa mmoja wa Kibudha, ukatoka chumbani na tangazo: "Mama Kemi, hakuna kitu kinachoitwa mimi. Sipo."

"Kama hupo, senene wangu wa kukaanga kala nani?"

Hukucheka. Ukarudi kulala. Mzee wa kanisa alipokuja kukusalimu, ulimjibu, "Hakuna wa kusalimiwa." Maskini, alisali haraka haraka akaondoka bila kugusa chai. Mbele yako nilitania, lakini moyoni niliogopa. Mtu anayesema hayupo anaweza kutaka kuhakikisha. Nikaificha kamba ya mbuzi.

Mbuzi naye, kwa kukosa kamba, akaingia kwenye maharage ya jirani yetu Ma Stela. Mama huyo akaja anafoka mpaka dirishani kwako: "Mbuzi huyu wa nani?"

"Hakuna mwenye mbuzi," ukajibu kitandani.

"Vizuri! Basi hakuna mwenye mgongo wa kuuma. Amka ukayapande upya maharage yangu!"

Alikutoa na blanketi lako. Jioni ukarudi na tope hadi masikioni, ukala ukaongeza.

"Leo sikujikumbuka hata kidogo," ukaniambia. "Niliona maharage tu, na matusi ya yule mama. Mtawa hakusema mtu hayupo. Yule aliyelala pale akilia amekwisha, huyo ndiye hayupo. Nilimtengeneza mwenyewe, nikamlisha."

"Ukamlisha senene wangu."

Hapo ukacheka, mume wangu, mpaka ukapaliwa. Kesho yake ukaenda kuwasaidia majirani kung'oa migomba yao iliyougua.

Juzi nilipanda bodaboda hadi Nyakahanga kupima presha. Nesi akauliza, "Mama, baba yupo?"

"Hayupo. Na hata alipokuwepo alikuwa anabisha."

Akacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha kicheko kikageuka kilio palepale kwenye benchi. Mwanamke mmoja aliyetoka kijiji cha Kimuli, nisiyemjua, akanivutia begani kwake, akaniuliza kwa Kinyambo chetu kama nimekula. Nilikuwa sijala. Akamenya yai lake la kuchemsha, akanipa lote.

Pumzika, Baba Kemi. Kahawa imeiva, naenda kuchuma.

Mkeo,
Mama Kemi