Mwanangu wa Dukani, Temeke 1955

Bwana Hija, nakuandikia kwa penseli kwenye karatasi ya kufungia sukari.

Si unamkumbuka yule bwana wa bima aliyekuja dukani wiki iliyopita? Kaniuliza nina wafanyakazi wangapi wa kukatia bima ya kuumia kazini. Mie, kukwepa malipo, nikamshika bega Mwinjuma, kijana niliyemwajiri dukani. "Sina mfanyakazi, bwana. Huyu mwanangu."

Mwanangu! Mie na mdomo wangu!

Juzi Mwinjuma kaanguka na ngazi akipanga madebe ya mafuta. Mguu umevunjika.

Leo nafungua mlango wa nyumbani, nakuta mkokoteni. Mwinjuma juu, mguu una plasta, pembeni mkeka na sanduku lake. "Shikamoo, baba. Mfanyakazi angepata fidia. Mwana anauguzwa kwao."

Baba! Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini, kisha kampa kitanda changu. Kitanda changu, Hija!

Halafu eti akipona anataka kuoa, na baba ndiye atoe mahari. Nikamuuliza, binti wa nani?

Wako. Mwajabu.

Nakuomba ukatae. Ukishindwa, basi nionee huruma kwenye mahari.