Tairi la Nyuma Kabla ya Kigoma

Baba, pokea shikamoo yangu yenye harufu ya grisi. Nipo Bariadi, kuna kijua cha upole baada ya mvua, na safari ya Kigoma kwa pikipiki bado haijaanza kwa sababu fundi wa hapa, Maduhu, amenigomea. Mnyororo kabadilisha, oili kaweka mpya, breki kakaza. Nilipotaka kuwasha niondoke, akalitoa upepo tairi la nyuma lililokuwa zima kabisa, akakaa chini na bakuli lake la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga.

"Toa tyubu, halafu irudishe. Huko porini mimi sitakuwepo."

Kuitoa niliweza. Kurudisha ndiko kulikonishinda: nilisukuma tairi kwa bisibisi, tyubu ikatoboka. Nikaziba, nikarudia, nikatoboa tena. Maduhu akatafuna taratibu, kisha akasema, "Mwishoni ni viganja, siyo chuma. Hivi baba yako anafanya kazi gani?"

Nikamwambia: fundi baiskeli, miaka yote.

Hakucheka, Baba. Alinisogezea bakuli tukamaliza michembe, kisha akanishika viganja akaviweka juu ya tairi, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, nami nikikuponyoka kwenda kucheza mpira. Leo sikuponyoka. Upepo umekaa.

Kunywa dawa ya kifua, usitoke asubuhi kwenye baridi. Na ile pancha ya baiskeli yako usiizibe. Niachie.

Mwanao, Yohana