Kadzo Afungua Kinywa

Shikamoo Mama,

Huku Ganze maji yako mbali, kwa hiyo watoto wangu wa shule ya Jumapili hawakuja kanisani jana. Nikachukua mtungi, nikaandamana nao bwawani tukiimba. Kadzo, wa miaka saba, hakuwa amesema neno tangu mamake afariki. Nilipokosea wimbo wa Kigiriama, akanivuta kanga.

“Mwalimu, si hivyo!”

Akauimba mwenyewe mpaka tukafika nyumbani kwao. Nyanyake aliposikia sauti ile, aliiacha sima motoni akaja mbio. Iliungua, nasi tukaila hivyo hivyo, tukicheka na kulia.

Ulihofia kazi hii itaniweza. Haijaniweza, Mama. Mungu akutulizie magoti yako.

Mwanao,
Neema