Ndafu na Tangazo Jekundu

Mpendwa Bi Sesilia, naomba msaada wako kabla furaha yangu haijanitumbukia nyongo. Mie ni binti wa miaka ishirini na tisa, naishi Gongo la Mboto, na kazi yangu ni kukadiria hatari ya moto kwa mitaa iliyopakana na msitu kule Pugu, yaani kila asubuhi naangalia upepo, unyevu wa hewa na ukavu wa nyasi, halafu naandika tangazo la kesho yake lenye rangi, kijani, njano au nyekundu, na likiwa jekundu mwenyekiti wa mtaa anapita na kipaza sauti kuwakataza watu wasiwashe moto nje. Sasa baada ya wiki mbili naolewa na Gibson, mwanamume anayenichekesha hadi nasahau nilichokasirikia, na sherehe itafanyika Jumamosi shambani kwa mama yake, Pugu hukohuko, na mama mkwe ninayempenda sana ameshaleta mbuzi na mchomaji kutoka Moshi, anataka ndafu, yaani mbuzi mzima, achomwe uwanjani mchana wageni wakiona, anasema harusi bila moshi ni kikao. Bi Sesilia, mvua haijanyesha tangu Juni, nyasi ukizishika zinavunjika, kila mchana upepo unapanda na unyevu unashuka, wiki nzima tangazo langu ni jekundu, na Jumatatu mzee Twaha, jirani wa shamba hilo, aliomba achome magugu yake kidogo tu nikamkatalia, akarudisha kiberiti mfukoni akasema, "Sawa mwanangu, wewe ndiye unayejua." Kibaya zaidi, naona aibu hata kuandika, jana nilikaa kwenye kompyuta nikawa naongeza tarakimu ya unyevu nione ikifika ngapi rangi itageuka njano, nikaiona, nikafuta upesi, lakini sasa naijua. Nikimkatalia mama mkwe naanza ndoa kwa kumvunja moyo, nikinyamaza cheche moja inaweza kula nyumba ya mzee Twaha, nifanyeje?

Sekela, Gongo la Mboto

Sekela, kwanza hongera, maana mwanamume wa kukuchekesha si wa kuokota. Pili nikugombeze kidogo, unastahili. Hiyo tarakimu uliyoitafuta isahau. Upepo hausomi tangazo lako, unafuata nyasi. Mzee Twaha alirudisha kiberiti kwa sababu aliliamini neno lako, na ukiwasha moto wako mbele ya macho yake, mwakani atawasha wake na hutakuwa na mdomo wa kumkataza.

Halafu mama mkwe umemhukumu bila kumsikiliza. Umeniandikia mimi nisiyekujua, yeye hujamwambia kitu. Mficha uchi hazai, na wewe naona unataka kuzaa.

Basi kesho nenda kwake na Gibson. Mwamkie, kaa chini, useme wewe mwenyewe: "Mama, ndafu namtaka, ila moto wa uwanjani hapana, nimewakataza majirani." Usizunguke. Kisha mchukue yeye na mchomaji wake mwende huko kwenu Gongo la Mboto, mtafute mchoma nyama mwenye jiko la matofali kwenye uwanja wa saruji, na mama asimamie mwenyewe mpaka mbuzi aive. Wapishi wa pilau nao wapike hukohuko. Ndafu atafika Pugu kwa gari, kapambwa, kabana majani mdomoni, mama akiwa kakaa naye, na vigelegele viwapokee wote wawili. Hakuna mgeni atakayeuliza alichomwa wapi. Watauliza kisu kiko wapi.

Mzee Twaha mpelekee kadi kwa mkono wako, na umweke meza ya mbele. Mama mkwe akinuna, mwache anune siku mbili. Aliyesafirisha mbuzi kutoka Moshi kwa ajili yako hawezi kukukosa kwa ajili ya moshi.

Na Ijumaa ya kuamkia harusi, tangazo la Jumamosi liandike kwa rangi itakayotoka, hata ikiwa nyekundu kama nyanya. Litie sahihi, funga kompyuta, nenda ukasukwe.