Folda Yenye Jina Langu

Wewe, uko hapo? Nimeaibika kweli. Hata chai imenishinda.

Si unaijua ile programu yetu ya Java, inayotunza picha za eksirei za wagonjwa? Siku tatu imegoma kuandika faili. Kila picha jibu ni lile lile: hakuna ruhusa. Siku tatu madaktari wananipigia simu, na siku tatu mimi namtupia lawama dada anayesimamia seva zetu.

Leo bosi katuita wote wawili. Nikabwata weee! Dada akavuta kibodi. Akaandika mstari mmoja tu kwenye kompyuta, akanigeuzia kioo.

Folda ya kuhifadhia hizo picha ina jina langu. LANGU! Jumapili niliitengeneza mwenyewe kwa akaunti yangu, nikasahau kuipa programu ruhusa ya kuandika humo.

Bosi akamuuliza, "Mbona hukumwambia?"

Akajibu taratibu, "Nilimwandikia Jumatatu."

Jumatatu! Siku niliyozima arifa za jumbe zake kwenye simu kwa hasira.

Nimeufungua ujumbe wake sasa hivi: "Kaka, ile folda umeifunga kwa jina lako. Ifungue kimyakimya, bosi bado hajajua."