Mkono Kupitia Pazia

Jumatatu, 3 Machi
Sukari ya mama mkwe bado iko juu. Nimemdunga insulini asubuhi kama kawaida. Yeye nyuma ya pazia, mkono wa kushoto nje. Kwetu Waluba mkwe haoni mwili wa mama wa mke wake. Odia, mke wangu, ndiye angemdunga, lakini yuko Kasenga kununua samaki.

Jumatano, 5 Machi
Daktari ameongeza kipimo cha insulini. Mara ya pili. Mama anakunywa maji bila kushiba na macho yana ukungu. Naogopa atapofuka mikononi mwangu. Nadunga vizuri, saa ileile, mahali palepale. Ndivyo apendavyo. Anasema hapaumi tena.

Ijumaa, 7 Machi
Tumekwenda kituo cha afya. Muuguzi akaubonyeza ule mkono. Pale ninapodunga kuna uvimbe, laini kama tonge la bukari, ugali wetu. Mimi sikuuona kamwe. Nachoma upesi na kugeuza uso.
"Papa, unachomaka hapa tu siku yote?"
Kasema mafuta ya chini ya ngozi yamevimba kwa sindano nyingi. Pamekufa ganzi, ndiyo maana hapaumi. Dawa inalala humo, haisambai, haifiki vizuri kwenye damu. Tubadilishe mahali. Tumboni ni pazuri.
Mama akacheka. "Ku tumbo? Na huyu mukwe atajificha wapi, chini ya kitanda?"

Jumamosi, 8 Machi
Mkono wa kulia. Kipimo kilekile. Mama alikunywa uji kidogo.
Kabla ya adhuhuri nikamwita. Kimya. Nikaita tena. Nilishika pazia, sikuweza kulivuta. Nikalivuta.
Jasho tele. Anatetemeka, kikwembe alichojifunga kimemtoka, ananiita kwa jina la kaka yake marehemu. Nilimfunika, nikaegemeza kichwa chake kifuani pangu, nikamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko. Alimeza. Sijawahi kuogopa hivi. Nilidhani nimemuua.

Jumatatu, 10 Machi
Muuguzi mwenyewe aliogopa. Kasema ilipasa aniambie juu ya kipimo. Kile kikubwa kilikuwa cha mahali pabovu. Penye ngozi nzima, dawa ilisambaa yote. "Dawa haiko mupya, Papa. Ngozi njo mupya." Daktari amekipunguza.
Mama hajanisemesha tangu Jumamosi. Ni aibu, si hasira. Ya kwangu pia. Odia nimempigia, nikamwambia yote isipokuwa kikwembe.

Jumanne, 11 Machi
Mama amesema na mimi, kupitia pazia. Anataka kuku mweupe wa kuondoa aibu. "Na umupike wewe, mukwe. Odia anaunguzaka."

Alhamisi, 13 Machi
Sasa anajidunga mwenyewe tumboni, leo kulia, kesho kushoto. Muuguzi amemfundisha. Mimi navuta dawa, naangalia kipimo mara mbili, napitisha sindano chini ya pazia. Inarudi tupu. Nahakikisha amekula.
Kisha nakaa kwenye kiti changu upande huu na kusikiliza. Siendi kazini kabla hajasema neno.
Leo alichelewa. Nilisimama, mkono tayari kwenye kitambaa.
"Mukwe," akasema. "Na wewe, ulikula?"
Nikakaa tena.